Mtoto wa kuchaguliwa: ni tiba, au ni kujifanya Mungu?

Swali: "Bwana asifiwe, mwalimu. Mimi na mume wangu tunakaa Mikindani, hapa Mombasa. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, ana miaka 6 na ana sikoseli. Mwaka huu pekee amelazwa mara tatu. Tunatamani mtoto wa pili lakini tunaogopa. Shemeji yangu anayefanya kazi ng'ambo anasema atatulipia twende kliniki ya Nairobi, mayai yarutubishwe maabarani, yapimwe, nirudishiwe lile lisilo na ugonjwa. Akaongeza kwamba kwa kuwa yeye ndiye mlipaji, tusiishie hapo: huko aliko kuna kampuni zinazopima kimo na akili, tuchague mtoto mrefu na mwerevu. 'Mkishafika sokoni, mbona mchukue bidhaa ya kawaida?' Mzee wetu wa kanisa anasema hayo yote ni kujifanya Mungu, na Mungu hakosei. Mavyaa anasema ni laana ya upande wangu. Mimi ni Methodisti, mume wangu alilelewa Katoliki, na kila mtu ana lake. Je, ni dhambi? Mpaka uko wapi? Na kuna jambo linaloninyima usingizi ambalo sijamwambia mtu: nikichagua mtoto asiye na sikoseli, si nitakuwa nimemwambia huyu wa kwanza kwamba heri asingezaliwa?"

Jibu:

Asifiwe milele, mama.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara macho yanaishia kwenye ule mstari wa mwisho, ambao hujamwambia mtu. Nitaufikia. Nivumilie kidogo tu, kwa sababu njiani umewekewa magogo, na yasipoondolewa hatutafika.

Gogo la kwanza ni la mavyaa. Sidhani alisema "laana" kwa ubaya. Mtu akikesha na mjukuu anayelia kwamba mifupa yamuuma, hutafuta wa kumtwika mzigo. Hata wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu wa tangu kuzaliwa waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, wakajibiwa kwamba si yeye wala wazazi wake (Yohana 9). Kwa Mkristo mjadala huo ulifungwa siku ile. Maabara nayo imeufunga kwa njia yake: sikoseli hairithiwi upande mmoja. Mwanao alipata jeni moja kwako na nyingine kwa baba yake, na baba yake naye aliipata kwa mmoja wa wazazi wake. Sikushauri uyaseme hayo mezani Jumapili. Uyajue tu.

Kabla sijaingia katika huduma nilifanya kazi maabara ya damu, kwa hiyo niruhusu nikueleze kilichomo ndani ya hiyo jeni, maana bila kukielewa utashindwa kuwajibu wote watatu. Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Maagizo ya kutengeneza sehemu yake moja yameandikwa kwenye kromosomu ya 11 (moja ya nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli), na katika sikoseli herufi moja ya maagizo hayo imebadilika. Herufi moja! Himoglobini inayotokana nayo ikishaachia oksijeni hushikamana na kuwa nyuzi ngumu, na chembe iliyokuwa ya mviringo hupinda kama mundu. Ndiyo maana wengine huuita ugonjwa huu selimundu. Chembe hizo hukwama kwenye mishipa myembamba, sehemu ya mwili iliyo mbele hukosa oksijeni, na hapo ndipo kinapotoka kile kilio cha usiku. Tena hufa mapema kuliko chembe za kawaida, kwa hiyo damu hupungua, mtoto akapauka na kuhitaji kuongezewa.

Wewe na mumeo mna nakala moja tu ya herufi hiyo kila mmoja, ile ambayo kwenye cheti huandikwa AS. Hamuumwi. Tena mna kitu ambacho majirani wenu wengi hawana: mwenye AS ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alilionyesha jambo hilo mwaka 1954 kwa vipimo alivyofanya Afrika Mashariki, na watafiti wa Kilifi wameendelea kulichimba hadi leo. Ukivuka kwenda upande wa Nyali kuna kaburi la Rosina, mke wa mmisionari Ludwig Krapf. Walifika Mombasa mwaka 1844. Alijifungua, na mwaka ule ule homa ya Pwani ikamchukua, na kitoto chake kikamfuata. Wenyeji waliosimama kando ya kaburi lile waling'atwa na mbu wale wale tangu utotoni, na bila shaka baadhi yao walibeba herufi unayoibeba wewe.

Nimelileta hili mapema kwa makusudi. Herufi inayomtesa mwanao ndiyo iliyowavusha mababu zake. Ni nyongeza ya nguvu mwilini iliyotokea bila maabara yoyote, na bei yake analipa mtoto anayezaliwa na nakala mbili. Liweke hilo akiba. Tutalihitaji tukifika kwa shemeji.

Sasa hesabu, ambayo watu wengi huikosea. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mwenye sikoseli, 2 kati ya 4 za mtoto wa AS kama ninyi, na 1 kati ya 4 ya mtoto asiye nayo kabisa. Kila mimba. Kuna familia zinazosema "tumeshapata mmoja mgonjwa, basi watatu wanaofuata ni salama." Sivyo. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Lakini pia ina maana kwamba bila kliniki yoyote, nafasi 3 kati ya 4 ni za mtoto asiye mgonjwa, na hilo nalo sijui kama kuna mtu alikukumbusha.

Tuje kwa mzee wenu wa kanisa. Yeye na shemeji yako wanapingana, lakini wameteleza mahali pamoja: wamefunga kanga tatu furushi moja. Kumtibu mtu aliyekwisha kuwapo ni jambo moja. Kuchagua ni nani atakayekuwapo ni la pili. Kumuongezea mtu uwezo ambao mwili wake haukuuhitaji ili kuwa mzima ni la tatu. Mzee anayakataa yote kwa neno moja, shemeji anayakubali yote kwa hundi moja.

"Kujifanya Mungu" ni maneno ninayoyasikia sana, na nakiri sina mapenzi nayo. Hayasemi mpaka ulipo. Waliochanjwa ndui waliambiwa hivyo hivyo. Chanjo, ukiitazama vizuri, ni nyongeza: inaufundisha mwili kupigana na adui ambaye hajafika bado, jambo ambalo mwili wenyewe haungelifanya. Na sijaona mzee wa kanisa Mombasa anayevua miwani kabla ya kusoma somo. Katika Mwanzo 2:15 mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza, na kulima ni kuibadilisha ardhi. Luka mwenyewe alikuwa tabibu. Na hilo la "Mungu hakosei" ni kweli kumhusu Mungu, lakini likisemwa mbele ya mtoto anayegaagaa kwa maumivu huwa ni kumsingizia Mungu ugonjwa. Katika Injili Yesu aliwaponya wagonjwa wengi. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa abaki vile vile kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa.

Hata hivyo mzee wako usimdharau. Kuna kitu anakilinda, ila amekosa jina lake. Anahisi kwamba mtoto ni wa kupokelewa, na kwamba mkono unaopokea haushiki sawa na mkono unaonunua. Hapo yuko sahihi kabisa.

Kuhusu kutibu, makanisa yanakubaliana kuliko unavyodhani. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba ya sikoseli iitwayo Casgevy, inayotumia mkasi wa jeni, CRISPR, ambao Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walipata tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 2020. Seli shina za damu, zile zinazozaa chembe za damu, hutolewa kwa mgonjwa mwenyewe, na maabarani huzimwa kidhibiti fulani ili mwili urudie kutengeneza himoglobini ya kitoto, ile tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama zetu, ambayo haipindi. Mgonjwa hupewa dawa kali za kusafisha uboho, kisha seli zake hurudishwa. Mmoja wa waliotangulia kuipokea tiba hiyo ni Victoria Gray wa Marekani, mwaka 2019, mama wa watoto na Mkristo ambaye husimulia uponyaji wake waziwazi kama jibu la maombi. Sioni ni wapi angekuwa amejifanya Mungu.

Mabadiliko hayo yanabaki katika damu yake. Hayaendi kwa watoto wake. Hati ya Vatikani ya mwaka 2008, Dignitas Personae, inasema tiba ya jeni ya namna hiyo, ikiwa ni ya kuponya kweli, kimsingi inaruhusiwa. Kwa upande wenu Wamethodisti, Kanuni za Kijamii za United Methodist Church, ambalo makao yake ni Marekani na si kanisa lenu la Kenya, kwa miaka mingi zilisema karibu hayo hayo: tiba isiyorithiwa, ya kupunguza mateso ya ugonjwa, ndiyo, kutafuta uzao bora, au kuzalisha viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa) vya kutupwa, hapana. Kwa hiyo wewe na mumeo mkikaa kitandani mkibishana Rumi na Wesley, jueni mko karibu zaidi kuliko mnavyojua.

Tatizo la Casgevy kwenu ni jingine. Ilipoidhinishwa mwaka 2023 ilikuwa kwa walio na miaka 12 na zaidi, zile dawa za uboho zinaweza kuharibu uzazi, na bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi milioni 280. Ugonjwa ni wetu, wagonjwa wengi wako Afrika, na dawa imewekwa rafu ya juu tusiyoifikia. Ukiniuliza dhambi iko wapi katika habari hii yote ya jeni, ningeanzia hapo kabla sijafika kwenye maabara ya mtu yeyote.

Kliniki ya Nairobi inakupa kitu tofauti na tiba. Utachomwa sindano za homoni ili mayai mengi yakomae kwa pamoja, yatatolewa, yatarutubishwa kwa mbegu za mumeo, na viinitete vitakuzwa siku 5 au 6. Kisha seli chache hutolewa katika kila kimoja na kupimwa. Hakuna kinachobadilishwa. Hakuna kiinitete kinachoponywa. Wasio na SS, yaani zile nakala mbili zinazoleta sikoseli, wanawekwa upande mmoja, wenye SS upande mwingine, na mmoja anarudishwa tumboni. Gharama ni mamia ya maelfu ya shilingi kwa kila jaribio, na jaribio linaweza lisishike. Nimeona wenzi waliouza shamba wakatoka mikono mitupu.

Kanisa Katoliki linakataa njia hii kwa sababu mbili: kutunga mimba nje ya tendo la ndoa, na viinitete vinavyoachwa. Waprotestanti hawana sauti moja. Wako wanaokubali kurutubisha nje ya mwili mradi kila kiinitete kipewe nafasi ya kuishi. Wako wanaosema kiinitete cha siku tano bado hakijawa mtu kwa maana kamili, na kuepusha ugonjwa mzito ni huruma. Wako wanaolikataa jambo lote. Wote wanasoma Zaburi ya 139, "uliniunga tumboni mwa mama yangu", na wote wanaisoma kwa moyo.

Mimi ningesita, na sababu zangu nitakwambia, si kama amri. Ukishapima, lazima uwe umeamua kabla utafanya nini na atakayepatikana ana SS. Hakuna jinsi ya kupima halafu ukaahirisha swali hilo. Kupima ndiko kuamua. Ikiwa unaamini, kama ninavyoelekea kuamini, kwamba yule aliye kwenye kichupa tayari ni mtoto mbele za Mungu, basi kliniki haijakuepusha na mtoto mgonjwa. Imekuepusha kumlea. Ikiwa dhamiri yako, baada ya maombi na ushauri, haioni hivyo, nitakuombea na sitakufungia mlango wa kanisa. Nimewabatiza watoto waliozaliwa kwa njia hii, na maji yalikuwa yale yale.

Kuna njia nyingine ambayo haina mng'aro na kwa hiyo haitajwi. Mnaweza kushika mimba kama watu wengine, kwa ile nafasi ya 3 kati ya 4, mkiwa mmejiandaa kwa ile 1: mtoto apimwe damu siku za kwanza, na akikutwa nayo aanze kutunzwa kabla hajaugua hata mara moja. Mtoto wa sikoseli aliyejulikana akiwa mchanga na yule aliyejulikana baada ya kuzimia kwa upungufu wa damu ni kama hawana ugonjwa mmoja. Na kuna kulea mtoto aliyezaliwa na mwingine. Na kuna kuishia na mmoja. Hakuna hata moja kati ya hizo lililo kushindwa.

Sasa shemeji.

Nianze na ukweli wa kitaalamu, kwa sababu anauziwa upepo. Sikoseli ni herufi moja, ndiyo maana inapimika. Kimo si hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, wa watu wapatao milioni 5.4, ulikuta sehemu zaidi ya 12,000 katika DNA zinazogusa urefu wa mtu, kila moja kidogo sana. Watafiti waliofanya makadirio mwaka 2019 waliona kwamba kumchukua kiinitete mwenye alama ya juu kuliko wenzake, sehemu hizo zikijumlishwa, kungeongeza kimo kwa sentimita 2.5 hivi kwa wastani. Soli ya kiatu. Akili ni ngumu zaidi ya hapo. Tena alama hizo zimetengenezwa hasa kwa takwimu za watu wenye asili ya Ulaya, na zikipelekwa kwa Waafrika hupotoka vibaya. Mtoto wa baba Mtaita na mama Mrabai apimwe kwa fimbo iliyokatwa Uingereza! Shemeji angefanya vyema kuzitumia pesa hizo kwa maziwa, mayai na karo.

Lakini tuseme siku moja itawezekana. Je, itakuwa dhambi? Watu hukimbilia Mathayo 6:27, ni nani kwenu ambaye akijisumbua aweza kujiongeza kimo chake hata mkono mmoja. Tusiitumie vibaya. Neno la Kigiriki pale laweza kuwa kimo au laweza kuwa umri, na Bwana anasema habari za kujisumbua, si za maabara. Hata hivyo kujisumbua ndiko kunakouzwa hapa. Mtu aliyeambiwa mwanawe anaweza kuwa bora zaidi halafu asimnunulie ubora huo ataanza kujiona mzazi mbaya, na jirani yake naye, na jirani wa jirani. Kimo kikipanda kwa wote hakuna aliye mrefu. Zakayo alikuwa mfupi; alipanda mkuyu, na Yesu akajialika kwake. Hakumrefusha.

Jambo linalonikaa kooni ni neno la shemeji mwenyewe: "mkishafika sokoni." Ninapita Kengeleni karibu kila juma, pale ilipo kengele ya Frere Town. Mji ule ulianzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kianglikana kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Baadhi ya Wakristo wa Mombasa ni vitukuu wao. Wazee wale walijua soko la watu lilivyo: mnunuzi anakufungua kinywa atazame meno, anakupima mabega, anakutembeza aone kama unachechemea, kisha anataja bei. Simwiti shemeji yako mfanyabiashara wa watumwa, Mungu apishe mbali. Anakupendeni na anataka kusaidia. Nasema tu kwamba sisi wa mji huu tuna sababu ya kushtuka mtu akichaguliwa kwa kimo na mlipaji, hata kama mlipaji anatabasamu. Samweli mwenyewe, nabii, alipomwona Eliabu kijana mrefu alidhani amempata mfalme, na akakemewa: wanadamu huitazama sura ya nje, bali BWANA huutazama moyo.

Na ile akiba tuliyoiweka, ya malaria? Inahitajika hapa. Kila nyongeza ina mlipaji, na mara nyingi mlipaji hakuulizwa. Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kwamba mapacha wawili wa kike wamezaliwa baada ya yeye kuhariri jeni iitwayo CCR5 wakiwa viinitete, ili wasiweze kuambukizwa Virusi vya Ukimwi. Watoto hao hawakuwa wagonjwa. Baba yao alikuwa na virusi, lakini tayari kulikuwa na njia ya kuosha mbegu ili mtoto azaliwe salama. Ilikuwa nyongeza tupu. Na jeni hiyo ikikosekana, mtu huwa dhaifu zaidi mbele ya virusi vingine, vya West Nile. Mahakama ilimfunga miaka mitatu. Mabadiliko aliyoyafanya, tofauti na ya Victoria Gray, yanaweza kwenda kwa watoto wao na wajukuu wao, watu ambao hakuna aliyewauliza. Ndiyo maana kuhariri kiinitete kumekataliwa na Wakatoliki na Waprotestanti wengi kwa sauti moja, na wanasayansi wengi wasio na dini wakaitikia.

Jiulize basi: karne kadhaa zilizopita mtu mwenye mkasi huo angekuja Pwani akafuta ile herufi kwenye damu zetu zote kwa sababu inaleta ugonjwa. Kwa nia njema. Ni wangapi wangebaki baada ya mvua za masika?

Imani yetu haiogopi mwili kubadilishwa. Paulo anasema sharti huu uharibikao uvae kutokuharibika, na Waorthodoksi hufundisha kwamba mtu ameitwa ashiriki uzima wa Mungu mwenyewe. Huko ni kubadilika kuliko kampuni yoyote inavyothubutu kuahidi, ila hutolewa bure, na aliye kilema hupewa sawa na mwanariadha.

Haya, mama. Mstari wako wa mwisho.

Kutaka mtoto wa pili asiumwe si kumkana wa kwanza. Unapomfunika chandarua mdogo humwambii mkubwa aliyewahi kuugua malaria kwamba ni aibu. Unachokichukia ni maumivu, na unayachukia kwa sababu unampenda yeye. Aliyekufundisha kuyachukia ndiye huyo huyo. Hilo ni safi, lishike bila hofu. Lakini umenusa kitu cha kweli pia, na singependa nikufariji kwa uongo. Kumkinga mtoto na ugonjwa ni kusema "sitaki uumwe." Kumpanga upande wa kuachwa kwa sababu ya ugonjwa ni kusema kitu kingine, na yule wa miaka sita atakuja kukua, atauliza mdogo wake alipatikanaje, na utamjibu. Ukifikiria siku ya kumjibu, je, maneno yanakuja? Wazazi wengine huniambia yanakuja. Wengine hunyamaza, na huo ukimya wao huwaambia zaidi ya nitakayosema mimi. Mwambie mumeo unachoogopa, leo, kabla hamjamjibu shemeji. Jambo hili ni zito mno kubebwa na mmoja kitandani wakati mwingine amelala.

Na kuna mmoja hatujamzungumza sana, naye ndiye aliyepo. Mara tatu hospitalini kwa mwaka ni nyingi. Hukutaja haidroksiurea. Ni kidonge cha kila siku, cha bei ya chini kabisa ukilinganisha na hayo mengine yote, na nacho huamsha ile himoglobini ya kitoto, kazi ile ile inayolengwa na mkasi wa mamilioni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika katika vituo vinne vya Afrika kimojawapo kikiwa Kilifi, kwa watoto 606 waliotumia dawa hiyo, uliona maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vikipungua. Siandiki dawa kwa barua. Inahitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara na daktari anayemjua mtoto. Lakini katika kliniki ya watoto ya hospitali kuu, uliza kwa jina: haidroksiurea, dawa ya kuzuia malaria, na chanjo zake kama zimetimia. Mwombe muuguzi akufundishe kuligusa bandama lake kwa mkono, ujue likivimba. Akipata homa, akishindwa kupumua vizuri, akipauka ghafla, tumbo likimvimba, au mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, usingoje asubuhi na usije kanisani kwanza. Nenda hospitali, mimi nitakukuta huko.

Wewe na mumeo rudieni kipimo cha himoglobini nyote wawili, mwone kwa macho yenu kwamba kweli ni AS, maana nimewahi kuona cheti kilichoandikwa vibaya kikavuruga ndoa. Kisha tafuteni daktari wa kuwashauri kuhusu urithi, mkae naye pamoja, si mmoja ndani na mwingine kwenye simu. Kwa upande wa roho, mchungaji wako na padri wa mumeo wote wawili wanahusika, na kama wataogopa kukaa meza moja niambieni, nitaleta chai na mahamri. Shemeji mwandikieni mkimshukuru. Kama bado anataka kutoa, mwambieni kuna mtoto wa miaka sita Mikindani anayehitaji nauli ya kliniki kila mwezi.